Moteri ya Mukwe Wangu

Jino lililoniozesha mke lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Liliniuma wiki tatu. Wakati ule nilikuwa kijana, nafanya kazi mu garaje ya malori ya kampuni kule Shituru. Hospitali ilikuwepo, sisemi haikuwepo, lakini niliogopa sindano kuliko jino. Rafiki yangu mmoja wa reli akaniambia, "Kuya, minye nitatosha ile jino inje." Alinikalisha juu ya tairi, akaninywesha lutuku, ile pombe kali ya mahindi inayowaka ukiipigia kiberiti, kisha akaingiza koleo. Si koleo ya meno. Koleo ya waya. Gego lilitoka vipande vitatu, na kila kipande alinionyesha, kama mekanisia anavyomuonyesha mteja kipuri kilichovunjika ili asije kusema ameibiwa.

Sasa kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili ile ndiyo tulipangiwa kwenda Kikula kumuomba msichana kwa wazazi wake. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja kama bukari, ugali wetu, wa watu sita. Mdomo haufunguki. Baba mdogo wangu akasema hatuwezi kuahirisha, kuku za watu zimekwisha kuchinjwa. Tukaenda. Nilikaa kwenye kibao, kichwa chini, maana kila nikikiinua, jino ambalo halikuwepo tena lilinigonga kama nyundo. Walipoleta chakula nilitikisa kichwa. Waliponisalimia nilipiga makofi polepole, nikanyamaza. Baba mdogo akasema yote. Nikamsikia mama wa msichana nyuma ya mlango, anamwambia dada yake: "Huyu eko na buko. Bijana ba leo habako vile."

Wakanipa msichana. Haukupita mwezi akagundua kwamba amepewa redio isiyo na kifungo cha kuizima. Alilicheka jambo lile mpaka mwaka aliokufa. "Minye niliolewa na jino," ndivyo alivyokuwa akiwaambia wageni, nami nikiwa nimekaa palepale.

Buko, kwa yule asiye wa kwetu, ni ile heshima kati ya mtu na wakwe zake. Mukwe hakutazami machoni. Hakai kwenye kiti ulichokalia, hali sahani moja na wewe, akikukuta umelala anageuka njia. Na neno kubwa haliendi moja kwa moja, linapita kwa binti. Unasema, "Ambia bwana yako," hata kama bwana yake amesimama hatua tatu na masikio yake mazima. Naye anajibu, "Ambia tata," yaani baba yako. Iko siku ya kuikata: mukwe analeta jogoo, mnamla wawili kwa sahani moja, na tangu pale mnasemezana kama watu. Baba mkwe wangu hakunikatia. Alikufa tunapitishiana maneno kwa mke wangu, hata siku ile alipokuwa anahema mara ya mwisho. Kwa hiyo binti yangu alipoolewa, nami nikapata mukwe, nikasema, na mimi nitakula heshima yangu kwanza. Jogoo alimleta mara mbili. Mara zote mbili nilisema aachwe anenepe. Nilipenda kuona mwanaume mzima, mwenye mabega kama mlango, anageuza uso nikipita. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Mukwe huyu alikuwa mchimbaji. Nje ya mji, ukifuata barabara ya Mwadingusha, iko karieri moja, machimbo ya mashimo ya mikono, watu wanashuka na kamba na taa ya kichwani, wanapandisha mawe ya shaba kwa mifuko. Siku moja udongo ulimwangukia. Mkono mmoja tu ndio uliobaki nje, na wenzake walikuwa wakiushika kwa zamu, ili ajue hawajaenda. Walipomtoa jua lilikuwa linashuka. Alirudi nyumbani kwa miguu yake, akaoga, akakaa, akamwambia binti yangu maneno ambayo binti aliniletea asubuhi yake bila kupunguza hata moja:

"Mu shimo sitarudia. Nikikosa kazi ingine, nitaenda fashi ingine, kule hamutaniona tena. Lakini mu shimo, hapana."

Haya maneno niliyasikia. Siwezi leo kujifanya sikuyasikia.

Aliuza kiwanja chake, akauza baiskeli na kitanda cha mbao alichokitengeneza mwenyewe, akapata pikapu. Kuukuu, imevuka bahari na mipaka, rangi imetoka juu ya paa kama ngozi ya mgonjwa. Kwao wanasali kwenye kanisa la maturubai. Mchungaji alikuja akapaka mafuta boneti, akaiombea moteri maisha marefu. Mimi Mkatoliki, lakini nilisema amina pamoja nao. Kisha nikafungua boneti, mukwe akageuka kutazama ukuta, kama inavyopasa.

Ilikuwa moteri nzuri. Silinda nne, inakula mazuti, ile dizeli, turbo ndogo kama ngumi ya mtoto, pompi ya zamani isiyojua kompyuta. Nguvu farasi zake hazikuwa nyingi. Mimi farasi sijamuona kwa macho, Likasi hayuko, lakini maisha yangu yote wateja wanakuja kuniomba farasi: niongezee, mekanisia, niongezee kidogo, kana kwamba nawafuga nyuma ya nyumba. Na ukweli wa moteri ya mazuti ni mfupi. Nguvu ni moto. Ukiitaka izidi nguvu unaipa mazuti zaidi, moto unakuwa mwingi, na moto ule unakaa juu ya kichwa cha pistoni, na pistoni ni aluminiyumu, si jiwe. Waliotengeneza moteri ile walijua kwamba inaweza kutoa nguvu kupita pale. Waliifunga makusudi. Nyuma ya pompi iko visi moja, skurubu ndogo. Wameizungushia waya na kipande cha risasi kilichogongwa mhuri. Maana yake: hapa usiguse, hapa tuliuza nguvu tukanunua miaka.

Kule Shituru, aliyekata risasi ile alifukuzwa kazi siku ileile. Malori yetu yalipanda mlima kama mjane anayeenda kuzika. Lakini yalikaa. Iko moja ambayo niliikuta ina umri mkubwa kuliko mimi, na nilipopewa mkono wa kwaheri bado ilikuwa inabeba. Nilikua mu ile imani, na nikamwambia binti:

"Ambia bwana yako: hii moteri, akiiacha vile iko, itazika minye na yeye."

"Anasema aksanti, tata," binti akasema, ingawa mukwe hakuwa amesema kitu.

Miezi ya kwanza ilienda. Alibeba mifuko ya mawe kutoka karieri mpaka depo, siku nyingine makala ya kupikia, siku nyingine unga na wamama juu yake. Aliacha kuota ndoto za udongo. Binti akanenepa. Halafu zikaja pikapu nyingine, mpya zaidi, zenye turbo kubwa, na taabu yetu ikaanza pale kwenye mupando.

Kutoka karieri kuja barabara kubwa uko mupando mmoja mrefu, mwekundu, wenye mawe. Depo ikijaa inafunga mlango wake, asiyefika analala na mzigo. Kwa hiyo wachimbaji wanampakiza yule anayepanda haraka. Pikapu ya mukwe wangu ilikuwa inapanda na vitesi, yaani gia, ya kwanza, inalia, watu wanashuka wanatembea pembeni yake wanaongea habari zao. Nilienda siku moja kujionea. Wale makijana wa pikapu mpya walikuwa wamekaa juu ya mifuko yao, wanamsubiri apite.

"Ee, mukubwa! Ile moteri ni ya motokari ao ya kusaga mihindi?"

"Muache! Pikapu yake ilisha kuokoka, haipendi haraka ya dunia!"

"Mupige magoti, tuiombee ipande!"

Mukwe aliniona nimesimama kwenye vumbi, akainamisha uso juu ya usukani kwa sababu ya buko, na wao wakadhani ameinama kwa haya, wakacheka zaidi.

Wakaanza kumruka. Siku mbili kwa wiki anarudi mtupu, kisha siku tatu, kisha nne. Binti akaja kwangu Kikula na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa chini ya motokari ya mtu. Hakungoja nitoke, alichuchumaa akaongea na miguu yangu.

"Tata, ongeza moteri."

"Hapana."

"Ongeza kiloko tu, kidogo sana."

"Kiloko iko wapi? Kuko kufunga na kuko kufungua. Ambia bwana yako, kama anatafuta nguvu leo, kesho atasukuma."

Alirudi wiki iliyofuata. Nikamjibu vilevile. Mara ya tatu hakuniomba kitu. Alikaa kwenye kibao, akampa mtoto ziwa, akasema kama mtu anayesimulia habari ya jirani:

"Jana alirudi na udongo ku magoti."

Nikaacha nilichokuwa nashika. Udongo kwenye magoti ni wa mtu aliyepiga magoti ukingoni mwa shimo, anatazama ndani. Dereva hapati udongo kwenye magoti.

"Alishuka?"

"Hapana. Lakini njo vile banaanzaka, tata."

Niliikata risasi. Nilitumia koleo ndogo, mzee mzima, nikiangalia nyuma kama ninayeiba sadaka. Mukwe alikuwa amesimama kwenye ua, mgongo kwangu, anatazama nguo zilizoanikwa. Nilitamani kumwita. Kuja hapa, tazama, hii visi ikienda hivi moshi unakuwa hivi, shika mkono wako hapa kwenye bomba usikie. Mekanisia hafundishi kwa maneno, anafundisha kwa kushikisha. Lakini mukwe hawezi kuinama kichwa kwa kichwa na baba mkwe juu ya boneti, na jogoo nilikuwa nimemkataa mimi mwenyewe. Nikampigia kelele binti, binti akamwambia mgongo.

Robo ya mzunguko kwanza. Moshi ukawa kijivu kama majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, na huo ni mzuri. Robo nyingine, ukaanza kuwa mweusi. Nikasimamia pale. Nikakaza turbo kidogo ipulize zaidi. Siku ileile akapanda ule mlima na vitesi ya pili na mifuko kumi na tano, na mimi nilikuwa ndani, nyuma, nimekaa juu ya mawe ya watu. Nitasema namna gani? Nilikuwa nimeishi miaka yote ile na malori ya mjane. Sikuwahi kupanda na moteri inayotaka kwenda. Tuliwapita wale makijana wakiwa wanakunywa munkoyo wao, mmoja akamwagikiwa kifuani, na nilisikia mukwe anacheka kule mbele. Sikuwahi kumsikia akicheka. Mimi pia nilipiga kelele, sijui nilisema nini, nilikuwa kama mlevi.

Wiki mbili baadaye binti akaja: anasema ongeza kiloko. Wengine wameongeza pia.

Nikaongeza.

Lakini sikulala vizuri tena. Nilijua nimeuza miaka, sikujua nimeuza mingapi. Mchana nikiwa nakula, nawaza ile aluminiyumu ya pistoni. Nikienda misani, padri anasema yake, mimi nahesabu ni mara ngapi kwa siku anapanda. Nikisikia pikapu yoyote inapita mbele ya nyumba nasimamisha mkono. Nikatafuta njia ya kumlipa yule moto niliyemfungulia. Nikaipata, na niliipata haraka sana, kwa sababu ndiyo ile ambayo kila mekanisia wa umri wangu pale Likasi angeipata: nikatoa kalorostati.

Kalorostati ni mlango mdogo wa shaba unaokaa kwenye njia ya maji ya moteri. Moteri ikiwa baridi unajifunga, ikipata moto unajifungua, maji yanaenda kupoa kwenye radiateri. Sisi tukipokea motokari jambo la kwanza ni kuutoa na kuutupa. Tunasema huu ni wa nchi za baridi, huku jua liko, maji yapite bure, moteri ipoe. Mimi sikuzitupa. Nilizitundika kwenye waya mlangoni, nyingi, kama samaki wa kukausha, ili mteja akiingia aone nimeponya motokari ngapi. Kwenye malori ya Shituru haikuleta shida hata siku moja. Niliitoa ile ya mukwe, nikaigeuza mkononi. Ilikuwa na sahani ya pili chini yake, imeshikwa na springi. Zile za malori hazikuwa nayo. Nikasema moyoni, watu hawa wanapenda mapambo. Nikaitundika.

Na kweli, mushale wa moto, ule wa mbele ya dereva unaopima joto la maji, ukakaa chini. Wiki nzima. Alipita mbele ya nyumba, binti akachungulia ndani, akaniambia uko chini kabisa, karibu na baridi. Nikajiona nimewashinda wazungu na risasi yao: nguvu iko, na miaka iko. Nikamwambia binti maneno ambayo, nikiamka asubuhi, ndiyo ya kwanza kunijia:

"Ambia bwana yako: mushale ukikuwa chini, asiogope kintu. Apande tu."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne za asubuhi, binti alipokuja mbio. Simu imepigwa. Pikapu imesimama katikati ya mupando. Tulipanda pikipiki mbili, yeye na mtoto kwenye moja, mimi na sanduku la funguo kwenye nyingine. Njiani nilikuwa nasema, acha iwe mkanda. Acha iwe bomba la maji, acha iwe chujio, acha iwe hata pompi yenyewe. Nilikuwa nampangia Mungu vipuri, kimoja kimoja, kama mtu anayechagua kwenye meza ya soko. Kijana wa pikipiki akaniuliza, "Tata, unaongea na minye?" Nikamwambia aangalie barabara.

Ilikuwa imesimama kwa pembe, mawe yamewekwa nyuma ya matairi. Mifuko bado juu. Mukwe alikuwa amekaa chini kwenye nyasi upande wa pili, mikono juu ya magoti. Aliponiona alisimama, akatazama pembeni.

Nilifungua boneti. Harufu ilinieleza kabla ya macho. Nilivuta kijiti cha mafuta: yalikuwa rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia mote. Nikashika poli ya mbele, lile gurudumu la mkanda, na ufunguo mkubwa, nikaizungusha. Moteri nzima ya mazuti inakukatalia, unaisikia inapigana na mkono wako mara nne kwa kila mizunguko miwili. Hii ilipigana mara mbili. Mara mbili nyingine ilipita tu, laini, kama kupitisha mkono kwenye maji. Silinda mbili hazikuwa na kitu. Kulasi, ule mfuniko mzito wa juu, ilikuwa imepasuka pale palipokuwa na moto mwingi, ufa unaoonekana kwa macho, wa kuingiza ukucha.

Kisha nikashika radiateri. Nilishika kwa mazoea tu, nikijua itaniunguza.

Haikuniunguza. Juu ilikuwa ya vuguvugu. Chini ilikuwa baridi. Moteri inakaanga, mvuke bado unatoka kwenye ufa, na radiateri iko baridi kama chungu cha maji ya kunywa.

Nilikaa na mkono wangu pale. Ile sahani ya pili haikuwa pambo. Mlango wa juu ukifunguka, sahani ya chini inaziba kinjia kifupi kinachorudisha maji ndani ya moteri bila kupita kwenye radiateri. Nilipoitoa, nilikiacha kile kinjia wazi siku zote. Kwenye tambarare haikuonekana. Lakini kwenye mupando, na mifuko kumi na tano, na moto wangu nilioufungua kwa mkono wangu mara mbili, maji yalikuwa yanazunguka palepale, yanachemka yanarudi, hayapoi. Yakaisha kwa mvuke. Na maji yakiisha, mushale hauna cha kupima. Unashuka.

Binti alikuwa amesimama katikati yetu, kati ya boneti na nyasi, mtoto mgongoni. Alinitazama.

"Tata? Itapona?"

Nilifuta mikono. Nilikuwa na maneno ya kweli mdomoni, mafupi, hayafiki hata kumi. Mekanisia ni mimi, kosa ni langu, nilitoa kitu nisichokijua. Mke wangu angekuwa hai angeyatoa kwa ndoano. Lakini pale palikuwa na wapakizi wanne wamekaa juu ya mifuko, na wale makijana wa pikapu mpya walikuwa wamesimamisha zao wakaja kuangalia, na mimi ni mtu mwenye waya wa kalorostati mlangoni, na ni baba mkwe. Nikasema:

"Ambia bwana yako, alikimbiza moteri."

Binti hakugeuka. Hakukuwa na haja, mukwe alikuwa amesikia. Akasema, sauti ya chini, akiangalia mawe:

"Ambia tata, nilipanda na ya mbili, sawa vile alisema."

"Ambia bwana yako, alipaswa kuangalia mushale."

"Ambia tata, niliangalia mushale. Ulikuwa chini."

Mmoja wa wale makijana akasema, "Mushale ulikuwa chini namna gani na moteri inaungua? Bongo, uongo mutupu!" Wengine wakacheka kidogo, si kwa nguvu. Mukwe alingoja. Naapa alikuwa anangoja mimi niseme. Alijua kwamba mimi nimejua. Aliona nilivyobaki na mkono kwenye radiateri. Kulikuwa na nafasi pale, kubwa, ya mtu kuingia na kukaa.

"Alikimbiza," nikasema tena.

Ndipo alipoinua uso akanitazama. Machoni, moja kwa moja, jambo ambalo tangu amuoe binti yangu hakuwahi kulifanya. Sikujua ana macho mekundu vile, ya mtu wa vumbi. Hakutukana. Binti alisema, "We, bwana, unafanya nini," kwa kuogopa, kwa sababu mukwe kumtazama baba mkwe namna ile ni kama kumvua nguo. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Halafu akavuka akaja mpaka kwenye pikapu, akaweka ufunguo juu ya boneti, pale mchungaji alipopaka mafuta, akampapasa mtoto mgongo mara moja, akaenda.

Hakushika njia ya karieri. Wala hakushika njia ya mji. Aliingia kwenye majani, akielekea kile kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba, kilichoko upande wa kulia. Tulidhani anaenda kukojoa. Mmoja wa wapakizi akasema tumngoje ndipo tushushe mifuko, maana mwenye motokari ndiye anayesema. Binti akakaa kwenye kivuli cha pikapu akampa mtoto ziwa. Mimi nikaanza kufungua skurubu za radiateri, bila sababu yoyote, ili mikono iwe na kazi.

Baada ya kitambo binti akaita jina lake. Akaita tena. Nikaenda mwenyewe mpaka kwenye kichuguu, nikakizunguka. Majani yalikuwa yamelala kidogo, yameelekea bondeni, halafu hayakuwa yamelala tena.

Mpaka leo hajarudi.